Hati Punguzo na Chandarua cha Mama Mjamzito
Mwaka 2004 serikali ya Tanzania ilianza kuwapa wajawazito Hati Punguzo, karatasi iliyotolewa kliniki ili mama akanunue chandarua dukani kwa bei nafuu. Kiasi kilichobaki alilipa mwenyewe, na hapo ndipo sera ilipobisha hodi chumbani: mshika fedha za nyumba mara nyingi ni baba, na kaya isiyo na akiba iliiacha hati ikikunjamana ndani ya kadi ya kliniki. Baadaye kiasi hicho cha kulipa kikashushwa hadi shilingi 500, uamuzi wa busara. Wenye maduka vijijini nao wakapata sababu ya kuuza vyandarua kando ya sabuni na chumvi. Mpango ulikoma mwaka 2014. Kufikia hapo, katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, chandarua kilichogawiwa shuleni kilikuwa kikiletwa nyumbani na mwanafunzi, bila malipo.