Harufu Isiyo na Mwenyewe: Gesi Asilia Inapovuja Chuoni

Gesi asilia inayofikishwa kwa mabomba katika maabara, mabweni na majiko ya chuo kikuu ni methani kwa sehemu kubwa, yaani kampaundi isiyo na rangi wala harufu, ambayo kila molekuli yake ina atomu moja ya kaboni na nne za hidrojeni. Kwa kuwa uzito wake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya uzito wa hewa ya ujazo uleule, methani inayovuja hupanda na kutanda chini ya dari, kisha hupenya kwenye ngazi, mashimo ya lifti na mapito ya nyaya hadi ghorofa za juu. Gesi ya mitungi, ambayo ni propani na butani, hufanya kinyume chake: ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujikusanya mitaroni. Mtu aliyejifunza usalama kwa mtungi wa nyumbani hana budi kujifunza upya anapohamia kwenye jengo lenye bomba, na jambo hilo linawahusu sasa hata wakazi wa Dar es Salaam, ambako gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika tangu mwaka 2004, kwanza kwa ajili ya mitambo ya umeme na viwanda, na baadaye katika baadhi ya nyumba.

Methani haiwaki katika kila kipimo. Hushika moto pale tu inapokuwa kati ya takribani asilimia 5 na 15 ya hewa iliyochanganyika nayo, kwani chini ya hapo gesi ni haba na juu ya hapo oksijeni ni haba. Maabara yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na kimo cha mita 3 ina mita za ujazo 240, kwa hiyo mita za ujazo 12 za gesi zingetosha kuifikisha kwenye kiwango cha chini cha kulipuka. Koki moja ya kichomeo cha Bunsen iliyosahauliwa wazi hutoa takribani theluthi moja ya mita ya ujazo kwa saa, na ingehitaji zaidi ya siku nzima kufikia hapo hata kama chumba kingefungwa kabisa, ilhali bomba kubwa lililopasuka linaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Hesabu hii, hata hivyo, isimfariji mtu kupita kiasi, kwa sababu gesi haisambai sawasawa: karibu na tundu linalovuja, na pembeni mwa dari, daima kuna mahali ambapo mchanganyiko umekwisha kukomaa.

Harufu inayowatahadharisha watu ni nyongeza ya binadamu. Robert Bunsen alipoanza kutumia kichomeo chake mjini Heidelberg mwaka 1855, gesi ya maabara ilitengenezwa kwa makaa ya mawe na ilinuka yenyewe kwa uchafu wake, lakini gesi asilia iliyokuja kuchukua nafasi yake haikuwa na onyo hilo. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London jimboni Texas, Marekani, gesi isiyotiwa harufu ilikusanyika chini ya sakafu, ikalipuka na kuua karibu watu 300, wengi wao watoto. Inaaminika kwamba cheche ilitoka kwenye mashine ya umeme ya kusugulia mbao katika karakana ya shule. Baada ya wiki chache Texas ilitunga sheria ya kutia gesi harufu, na desturi hiyo ikaenea. Kinachotiwa kwa kawaida ni merkaptani, kampaundi za salfa zenye uvundo mkali, kwa kipimo ambacho kwa sheria ya Marekani lazima kimwezeshe mtu mwenye pua ya kawaida kuinusa gesi ikiwa bado ni moja ya tano tu ya kiwango cha kulipuka.

Onyo hilo lina mipaka. Pua huzoea harufu na kuacha kuihisi, na udongo huweza kuifyonza harufu hiyo wakati gesi inapopita chini ya ardhi, hivyo kupungua kwa harufu si ushahidi kwamba gesi imekwisha. Lakini udhaifu mkubwa zaidi, hasa chuoni, uko kwa watu. Nyumbani harufu ya gesi ina mwenyewe, kwani anayepika anajua jiko ni lake na hatari ni yake. Katika jengo la mihadhara, harufu hupitiwa na wanafunzi mia mbili, wahadhiri, wafanya usafi na walinzi, na kila mmoja hudhani aliyemtangulia amekwisha kutoa taarifa. Chuo kinachotaka kuwa salama kinapaswa kumfundisha kila mtu, tangu wiki ya kwanza, kwamba anayenusa ndiye mwenye jukumu la kutoa taarifa.

Jukumu hilo halimtaki atafute tundu linalovuja. Linamtaka atoke na kuwatoa wengine kwa sauti na kwa kugonga milango, bila kugusa kitu chochote kinachoweza kutoa cheche. Methani iliyochanganyika vyema na hewa huhitaji takribani milijuli 0.3 tu za nishati ili iwake, kiasi ambacho mtu anaweza kukipita kwa umeme tuli wa nguo zake, sembuse swichi ya taa. Ndiyo maana taa inayowaka huachwa iwake na iliyozimwa huachwa ilivyo, lifti haitumiwi, na feni haiwashwi hata kwa nia njema ya kuifukuza gesi. Simu hupigwa mtu akiwa nje na mbali, gari halitiwi moto karibu na jengo. Aliye ndani ya maabara anaweza kufunga valvu kuu ikiwa iko mlangoni na njiani pake, lakini harudi ndani kuitafuta, na ikikwisha kufungwa haifunguliwi tena ila na fundi, kwa sababu mahali fulani huenda kuna koki iliyo wazi au mwali mdogo wa boila uliozimika. Gesi ikiwa imekwisha kushika moto kwenye tundu, mwali huo hauzimwi kabla gesi haijafungwa, maana gesi isiyoungua itaendelea kutoka na kujikusanya.

Kuhusu king'ora cha moto, taratibu za vyuo hutofautiana. Baadhi hukikataza kwa kuhofia cheche, na vingine hukiruhusu kwa sababu hakuna njia nyingine ya haraka ya kuwatoa watu wa bweni zima. Uamuzi huo haupaswi kuachiwa mwanafunzi aliyesimama koridoni akiwa na hofu. Ni kazi ya uongozi kuuamua mapema pamoja na wahandisi, na kuubandika ukutani pembeni mwa kitufe chenyewe.

Thamani ya dakika hizo za kuwatoa watu ilionekana tarehe 5 Julai 2019 katika Chuo Kikuu cha Nevada mjini Reno, ambako hitilafu ya boila katika bweni la Argenta Hall ilisababisha mlipuko mdogo na kuharibu bomba la gesi. Gesi iliendelea kujaa jengoni, na baadaye mlipuko wa pili, mkubwa zaidi, ukabomoa kuta na kutawanya vioo. Ilikuwa likizo ya kiangazi na watu walikuwa wachache. Wanane walijeruhiwa kidogo na hakuna aliyekufa. Anayeona mlipuko mdogo na kudhani kwamba mambo yamekwisha huenda amesimama katikati ya matukio mawili.

Waliotoka husogea mbali, mita 100 au zaidi, upande ambako upepo unatoka, kisha hupiga simu ya zimamoto, ambayo nchini Tanzania ni 114, na kueleza jina la jengo, ghorofa na mahali harufu ilipoanzia. Kurudi hakuamuliwi kwa pua. Mafundi hupima hewa kwa vifaa vya kutambua gesi, darini, kwenye mashimo ya lifti, kwenye mapito ya nyaya na hata katika majengo jirani, kwani gesi inayovuja chini ya lami hukosa pa kupandia, ikasafiri kwa kufuata mabomba ya maji taka hadi chini ya sakafu ya jengo ambalo halina hata koki moja ya gesi.