Mstari na Anguko: Uchongaji wa Shaba katika Picha za Visasili za Hendrick Goltzius

Mwaka 1588, mjini Haarlem nchini Uholanzi, Hendrick Goltzius alichonga picha nne za duara, kila moja ikiwa na kipenyo cha takriban sentimita 33, akifuata kazi za mchoraji Cornelis Cornelisz. van Haarlem. Zinawaonyesha wahusika wanne wa visasili vya Kiyunani: Tantalus, Icarus, Phaeton na Ixion. Wote walivuka mipaka yao, na wote wanaonyeshwa wakiporomoka. Kuziita picha hizi nakala tu za michoro ya rangi ni kuificha kazi iliyofanywa na mstari wa mchongaji.

Mbinu yenyewe haina rangi wala kijivu. Mchongaji husukuma patasi nyembamba ya chuma juu ya bamba la shaba nyekundu, huku mkono wa pili ukilizungusha bamba hilo juu ya mto wa ngozi. Kadiri patasi inavyozama, ndivyo mfuo unavyopanuka na kubeba wino mwingi zaidi. Bamba hupakwa wino, kisha uso wake hufutwa ili wino ubaki ndani ya mifuo peke yake. Karatasi yenye unyevu hulazwa juu yake, navyo hupitishwa pamoja kati ya rola mbili za mashine ya chapa. Picha hutoka ikiwa imegeuka, kushoto kukawa kulia.

Kivuli chochote, basi, sharti kiundwe kwa mistari. Goltzius alikuwa hodari wa mstari unaoanza mwembamba kama unywele, ukavimba katikati, kisha ukakonda tena. Mistari ya namna hiyo ikiuzunguka msuli, mwili huonekana kuwa na uzito. Na katika kisa cha anguko, uzito ndio kiini cha habari. Aidha, maandishi ya Kilatini yamezunguka ukingo wa kila picha. (Visasili hivi vya Kiyunani viliwafikia wasomi wa Haarlem kwa sehemu kubwa kupitia Kilatini, hasa cha Ovid.) Anayetaka kuyasoma hulazimika kuigeuza karatasi, na mwili ulio ndani ya duara hugeuka pamoja nayo, kama bamba lilivyozungushwa chini ya patasi.

Hata hivyo, mtafiti hana budi kuuliza ni chapa ipi aliyo nayo mbele yake. Tarehe ya kuchongwa kwa bamba si tarehe ya karatasi. Picha ya Goltzius ya sanamu ya Hercules wa Farnese, inayotazamwa kutoka mgongoni, ilichongwa yapata mwaka 1592, baada ya safari yake ya Roma, lakini ilitolewa mwaka 1617, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Isitoshe, shaba ni laini, na kila upitishaji kwenye mashine huilika kidogo. Mifuo ya kina kifupi ndiyo hutangulia kufifia, nayo ni ile ile miisho myembamba inayoupa mstari uvimbe wake. Chapa ya mwisho mwisho huweza kuhifadhi umbo lote la Icarus, lakini ikapoteza uzito wake. Mhakiki anayemtuhumu Goltzius kwa ukavu wa mstari akiwa na chapa ya aina hiyo anahukumu uchakavu wa bamba, si mkono wa mchongaji.