Kabla ya mimba: zoni ya afya inaweza kutusaidia nini Kolwezi?

"Mimba haiko, niende kwa muganga kufanya nini?" Wamama wengi wanajibu hivyo ukiwauliza juu ya kupimwa mapema. Wanangoja tumbo lionekane, ndipo waende CPN.

Lakini mambo makubwa ya mtoto yanapangika mapema sana. Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo hufunga karibu siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Siku hizo mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mwanamke anayetaka kuzaa ameze asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, tangu kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Vidonge vya mwezi wa nne vinasaidia damu, ila kwa mfereji ule vimechelewa.

Na baba je? Kwetu, mahali pa kobalti na shaba, hili ni swali zito. Kati ya 2013 na 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walilinganisha watoto 138 waliozaliwa Lubumbashi na kasoro za mwili na wengine 108 wasio na kasoro. Dalili iliyojitokeza zaidi ilikuwa kazi ya baba machimboni. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, kwa hiyo ukubwa kamili wa hatari haujulikani vizuri. Lakini mbegu za mwanaume huchukua zaidi ya miezi 2 kukomaa. Basi mashauri ya uzazi yamhusu naye. Hapa Kolwezi, utafiti uliotoka 2018 ulikuta wakaaji wa Kasulo, hasa watoto, na kobalti nyingi mwilini kuliko jirani zao wasiokaa penye uchimbaji.

Zoni za afya kama Dilala na Manika ndizo huduma ya serikali iliyo karibu na nyumba. Zina vituo vya afya, na zina reko wanaopita mlango kwa mlango. Hazihitaji jengo jipya. Siku ya kilo na chanjo, muganga anaweza kumuuliza mama kama anataka mimba nyingine, na kumshauri angoje miezi 24 tangu kuzaa. Wachumba wanaofundishwa ndoa kanisani wanaweza kutumwa kupima VVU, kaswende na damu ya SS. Bwana na bibi wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS. Nao reko wanaweza kuwafuata wababa machimboni: badilisha nguo na kunawa kabla ya kuingia nyumbani, usimletee bibi vumbi.

Tuseme kweli: zoni ya afya haiwezi kuzuia vumbi. Inaweza kuandika. Kila maternite ikiandika kasoro ya mtoto, kazi ya baba na kartiye wanapokaa, jimbo la Lualaba litakuwa na hesabu ya kuweka mezani mbele ya wenye migodi. Bila hesabu hiyo, kila familia inabaki na huzuni yake peke yake, na jirani wanasema ni uchawi.

Kama mnapanga mtoto, nendeni wawili kituoni, mkaulize: foliki iko? Tunaweza kupima damu?