Mashine za Soda za Zamani na Ushauri Unaomuumiza Fundi

Yako makabati ya chuma, mengi yake mekundu, ambayo katika Marekani ya miaka ya 1940 na 1950 yalisimama kwenye vituo vya petroli, kwenye viwanda na kwenye stesheni za treni. Mtu alitia sarafu, akavuta chupa ya soda iliyo baridi, akaenda zake. Kampuni ya Vendo ya mji wa Kansas City ilitengeneza mengi, na ile ya Cavalier ya Chattanooga ikatengeneza mengine. Coca-Cola iliuzwa senti 5 tangu mwaka 1886 hadi miaka ya 1950, na sababu moja ya bei hiyo kudumu ni mashine hizi hizi, maana zilijua sarafu moja tu. Mwaka 1953 kiongozi wa kampuni hiyo, Robert Woodruff, alimwomba Rais Eisenhower serikali itoe sarafu ya senti 7 na nusu. Haikutolewa. Sijasikia kwamba kuna aliyeomba sarafu mpya kwa ajili ya mshahara wa mpakiaji wa chupa.

Leo makabati hayo ni mapambo ya wenye fedha. Huko Marekani mwenye kabati mara nyingi hulitengeneza mwenyewe nyumbani siku za mapumziko. Huku kwetu Uganda hayapo mengi. Mimi nimeona mawili, yote kwenye baa. Lakini anayeitwa kuyafufua huku si mwenye mali. Ni fundi wa kiwanda au wa shamba la miwa, tena jioni baada ya zamu, na kabati huja pamoja na ushauri: fulani alisema fanya hivi, fulani alifanya hivi na mashine ikaganda barafu. Ushauri huo huo hutumika kwenye majokofu ya soda ya kantini zetu, kwa kuwa ndani ni kitu kimoja: kompresa, mabomba, gesi, oili na umeme. Kwa hiyo hata ambaye hataliona kabati la Marekani maisha yake yote, habari hii inamhusu.

Nianze na ushauri mbaya kuliko wote, ule wa kutafuta tundu. Gesi ikivuja, fundi hujaza mabomba presha, hupaka povu la sabuni kwenye viungo, kisha hutazama mapovu yanatokea wapi. Kazi hiyo ni sawa. Swali ni kujaza nini. Utaambiwa: chukua oksijeni ya kulehemia, si iko pale pale? Ndugu zangu, ndani ya kompresa mna oili. Oksijeni ya presha ikikutana na oili, oili hiyo inaweza kushika moto bila kiberiti. Na kompresa ni chungu cha chuma kilichozibwa pande zote. Moto ukiwaka ndani yake hupasuka, na vipande humpata yule aliyeinama juu yake akitafuta mapovu. Gesi ya kazi hiyo ni naitrojeni kavu, nayo ipitie kwenye kidhibiti cha presha, kwa sababu mtungi uliojaa huwa na bar 150 au zaidi na bomba la jokofu haliwezi kuhimili nguvu hiyo. Mbona basi watu hushauri oksijeni? Mtungi wa naitrojeni ni lazima ukodishwe, na ule wa oksijeni umeshalipiwa na kiwanda. Hiyo ndiyo elimu yote iliyomo ndani ya ushauri huo.

Sasa gesi yenyewe. Mashine za miaka ile zilijazwa gesi inayoitwa R-12. Tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia saini Mkataba wa Montreal, kwa sababu gesi za jamii hiyo hula tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza ilipofika mwaka 1996, na nchi zetu zikapewa hadi mwaka 2010. Kwa hiyo R-12 ni adimu na ghali, na penye uhaba ndipo washauri huzaliwa.

Mmoja atasema tia R-134a juu kwa juu, kazi imekwisha. Mashine itapoa, kweli, na mwenye baa atafurahi. Lakini oili ya zamani haichanganyiki na gesi hiyo. Hutoka ndani ya kompresa ikaganda kwenye mabomba bila kurudi, kompresa ikasaga kavu, na baada ya muda ikafa. Hapo fundi ndiye huitwa mjinga. Anayebadili gesi hubadili na oili pamoja na chujio la unyevu, na huvuta hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza.

Mwingine atasema tumia gesi ya kupikia. Hapa yapo maneno ya ukweli yaliyochanganywa na hatari. Ni kweli majokofu mengi ya leo hutumia gesi za jamii hiyo, lakini yametengenezwa kwa ajili hiyo, gesi yake ni safi na kipimo ni cha gramu chache. Kabati la mwaka 1950 lina rilei inayotoa cheche, lina themostati inayotoa cheche, na mlango wake hufungwa barabara. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja usiku hukaa chini ndani ya kabati ikingoja kompresa iwake asubuhi.

Mwingine atasema fungua bomba hewani iende zake, kisha washa moto ulehemu. R-12 haiwaki, lakini ikipita kwenye ndimi za moto hugeuka kuwa asidi kali na sumu nyingine, pamoja na fosijini, ile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918. Fundi aliyejifungia kwenye stoo isiyo na dirisha huivuta yote peke yake. Fungua milango, na usiwashe moto mpaka gesi iliyokuwamo imenyonywa kwa mashine yake na kuwekwa kwenye mtungi.

Tena tazameni mtungi mnaonunua. Mwaka 2011 makontena ya meli yenye majokofu yalilipuka na kuua wafanyakazi huko Vietnam na Brazil. Uchunguzi ulionyesha gesi bandia: ilidaiwa kuwa R-134a, kumbe imechanganywa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kitu kinachowaka mara tu kikiguswa na hewa. Waliokufa walikuwa watu wa kazi kama sisi. Gesi iliyo rahisi mno kuliko ya duka la jirani ina sababu ya kuwa rahisi.

Kloridi ya methili hiyo ina historia, na hapa washauri hukosea upande wa pili. Kabla ya R-12 ilitumika kwenye majokofu ya majumbani, na huko Chicago mwaka 1928 na 1929 kweli iliua watu ilipovuja. Lakini wengi hurudia pia kwamba zaidi ya watu 100 walikufa hospitalini Cleveland mwaka 1929 kwa sababu ya jokofu kuvuja. Si kweli. Tarehe 15 Mei 1929 katika Cleveland Clinic ziliwaka picha za eksirei, ambazo siku hizo zilichapwa kwenye filamu inayoshika moto upesi, na moshi wake ukaua watu 123. Jokofu halikuhusika. Habari hiyo imenakiliwa na watu wenye shahada, kila mmoja akimwamini aliyemtangulia. Ikiwa wao hawakufunua kitabu kuhakikisha, yule anayekuambia ujaze oksijeni alihakikisha wapi?

Umeme ni hadithi fupi. Kabati la Marekani limetengenezwa kwa volti 115 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 240 na mizunguko 50. Ushauri wa kawaida ni kununua transfoma. Transfoma hushusha volti, ila haibadili mizunguko. Mota ya kompresa huzunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa na huweza kuchemka, hivyo ni lazima kupima moto wake na umeme inaovuta, au kuweka kompresa ya huku kwetu. Kisha waya. Ganda la mpira au la kitambaa lenye miaka 70 hukatika kama jani kavu, na mashine nyingi za wakati ule zilikuwa na nyaya mbili tu, bila waya wa ethi. Kuziacha hivyo ili zibaki "za asili" ni kumwachia mhudumu wa baa, mwenye mikono mibichi na miguu kwenye sakafu yenye maji, mlango wa chuma ulio na umeme. Weka nyaya mpya tatu, na ule wa ethi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Rangi nayo: ya zamani ile mara nyingi ina madini ya risasi. Ukisugua kwa msasa mkavu, vumbi lake huingia kifuani, hukaa kwenye nguo, na jioni huenda nyumbani kwa watoto, ambao huwadhuru kuliko linavyokudhuru wewe. Lowesha maji unaposugua, vaa barakoa ya vumbi laini, badili nguo kabla ya kuondoka.

Yote haya yanagharimu fedha, na hapo ndipo ugomvi wetu na matajiri ulipo. Katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja, meneja alileta jokofu la soda la baa yake litengenezwe na kijana wa karakana. Kijana akaomba naitrojeni, akaambiwa tumia kilichopo. Akaungua mkono na shingo. Ofisi ikajibu kwamba ile ilikuwa kazi yake ya pembeni, kwa hiyo hakuna fidia.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda aliyeumia akiwa kazini kwa sababu ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Na Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ambao tangu mwaka 2022 umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi, unasema mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe. Lakini ukiitwa ofisini huulizwi unajua mikataba mingapi. Unaulizwa nani alikutuma.

Kijana yule hakuwa na karatasi. Kilichomwokoa ni kitabu cha getini: mlinzi, mwanachama wetu, alikuwa ameandika siku na saa jokofu lilipoingia, na gari lililolileta ni la nani. Hospitali ikalipwa na siku zake za kulala kitandani zikalipwa, ingawa ilichukua miezi. Tangu hapo tawi lile limekubaliana kwamba mali ya tajiri isiguswe karakana bila kadi ya kazi iliyotiwa saini na msimamizi, yenye jina la kifaa na vitu alivyoomba fundi. Akikataliwa naitrojeni, na hilo liandikwe kwenye kadi hiyo hiyo, nakala moja ibaki kwa mwakilishi wa chama.