Malindi ni mbali ukifuata ndege

Mombasa hadi Malindi ni kilomita zipatazo 120, na matatu yenye haraka huzimaliza kabla abiria hajachoka kukaa. Ukisafiri kwa ajili ya ndege, umbali huohuo hula siku nzima, tangu kabla ya adhana ya alfajiri hadi magharibi, na bado utarudi nyumbani ukijua umeacha vingi njiani. Sababu ni kwamba anayepanga ratiba si dereva wala mwenye gari. Ni bahari.

Kabla ya kutia mafuta tulitafuta jedwali la maji kujaa na kupwa. Wavuvi hawana haja nalo. Wao huhesabu siku za mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji ya pwani hii hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Maji yakipwa, ndege wa ufukweni hutawanyika kwenye matope mapana kutafuta riziki, mbali kiasi kwamba hata darubini nzuri huona vidoa tu. Maji yakirudi, huwasukuma kundi kwa kundi kuelekea nchi kavu, aliko mtazamaji. Maji mafu hayana nguvu hiyo. Basi tukachagua siku ya bamvua ya mwezi Februari, na safari ikajipanga yenyewe: msitu alfajiri, hori la Mida baada ya adhuhuri, mlango wa mto Sabaki jioni.

Daraja la Nyali, Mtwapa, mashamba ya mkonge ya Vipingo na daraja la Kilifi yote tuliyapita gizani, na sauti pekee niliyoisikia ni ya dereva wetu akiyalaani matuta. Kulipokucha tulikuwa tumekaribia Gede, na kwenye nyaya za umeme walishapanga foleni keremkerem wekundu, mgongo kama waridi na kichwa cha kijani-samawati. Hao ni wageni kutoka kaskazini, hukaa pwani kuanzia Novemba hivi hadi Machi, na maelfu ya abiria hupita chini yao kila siku bila kuinua shingo.

Msitu wa Arabuko-Sokoke unaanza karibu na lami, upande wa kushoto ukielekea Malindi. Una kilomita za mraba zipatazo 420, na katika Afrika Mashariki hakuna kipande kingine cha msitu wa pwani kilichosalia kikiwa kikubwa hivyo. Ukiingia ndani utagundua kwamba ni misitu kadhaa iliyoshikana mikono. Kuna sehemu ya miti ya kila aina. Kuna ukanda wa mchanga mweupe ambako miti ya Brachystegia husimama kwa kuachiana nafasi na jua likapita. Na upande wa magharibi udongo hugeuka mwekundu, miti ya Cynometra ikasongamana hadi mtu hana pa kupitisha bega. Kwenye kichaka hicho cha udongo mwekundu ndiko anakoishi bundi mdogo wa Sokoke.

Ni mdogo kweli. Urefu wake ni sentimita 16 hivi, hafikii penseli mpya. Wanasayansi walimtambua mwaka 1965 na kumwandika rasmi mwaka uliofuata, na nje ya hapa anajulikana katika misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Watu hutoka Ulaya na Marekani kwa ajili yake peke yake, wakamtazama dakika kumi, wakarudi kwao wameridhika.

Kiongozi wetu, kijana aliyezaliwa pembezoni mwa msitu na ambaye sasa huishi kwa kuwatembeza wageni, alitusimamisha njiani na kutuomba tunyamaze. Akauacha mkoba, akainama, akapotelea kichakani. Dereva, mtu wa Kisauni, alikataa hata kufungua mlango wa gari.

"Mimi bundi simfuati kwao, kaka," alisema. "Yeye akinifuata kwangu inatosha."

Tulingoja muda mrefu, na kungoja huko ndiko kazi yenyewe. Majani makavu yalichakarika, na sange mwenye matako ya dhahabu akakatiza njia kwa kurukaruka, pua ndefu mbele; naye ni mnyama wa misitu hii ambaye Wakenya wengi hawajui kama tunaye. Kisha kundi mchanganyiko likapita juu: ndege wa jamii mbalimbali wanaotembea pamoja kama familia inayoenda harusini, mmoja akiwafurusha wadudu na mwingine akiwadaka. Nililenga darubini kwa chozi mmoja nikamkosa, nikalenga kwa wa pili akaruka. Dakika tatu, wote wamekwenda.

Kiongozi alirudi na utando wa buibui nyweleni, akatuashiria kwa kidole. Tulimfuata mmoja nyuma ya mwingine, na kwenye tawi lililo juu kidogo tu ya vichwa vyetu wakawa wamekaa wawili, wamebanana ubavu kwa ubavu, mmoja wa kijivu na mwenzake wa kahawia. Ni jamii ileile. Rangi tu hutofautiana. Yule wa kijivu alifumbua jicho kidogo, njano, akatukadiria, akalifumba. Nilimuuliza kiongozi kwa mnong'ono kama wazee wa kwao hawana neno juu ya bundi. "Wazee wanasema akililia paa la mtu kuna msiba," alijibu. "Huyu hajawahi kuliona paa."

Ndege mwingine tuliyemtamani hatukumpata. Ni mnana wa Clarke, dume lake jeusi na manjano, ambaye duniani kote anaishi katika kaunti ya Kilifi tu. Wataalamu walimpa jina mwaka 1913, lakini hakuna aliyejua anataga wapi hadi mwaka 2013, viota vyake vilipoonekana kwenye kinamasi cha Dakatcha, kaskazini mwa Sabaki. Karne nzima ndege alikuwa akitoweka kila msimu wa mvua na kurudi na watoto, na anakotoka hakukuwa mbali.

Chakula cha mchana tulikula kibandani Gede, samaki wa kukaanga na wali wa nazi, tukilindwa na kunguru weusi wenye shingo ya kijivu. Hawa si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 wakapunguze taka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 walishaonekana Mombasa. Wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, na katika miji ya pwani ndege wadogo wamepungua kwa sababu yao. Nimewatazama kwa muda mrefu wa maisha yangu na sijapata sababu ya kuwapenda, ingawa akili wanayo.

Kutoka Gede ni kurudi nyuma kilomita chache hadi hori la Mida, sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa mwaka 1968. Hapa pana njia ya mbao na kamba inayoning'inia kati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake kina kazi: kupitia mradi wa shirika la A Rocha Kenya, fedha za wageni husaidia kulipa karo za sekondari za watoto wanaoishi kando ya msitu na hori. Mzazi ambaye karo ya mwanawe imetoka kwa ndege hahitaji semina ya kumfunza kwa nini mkoko usikatwe.

Tulifika maji yakiwa yameanza kurudi. Kwanza walikuja sululu, mdomo umepinda, wakitembea kwa madaha. Nyuma yao vitwitwi wa aina kadhaa, wakikimbia na kusimama, baadhi yao wakiwa wamezaliwa Siberia. Halafu, kutoka upande wa mlango wa hori, likaja kundi jeupe na jeusi likiruka chini chini, likatua mbele yetu kwa kelele. Ndio walaji kaa.

Ningekuwa na uwezo wa kumwonyesha mtu wa pwani ndege mmoja tu, ningemwonyesha huyu. Miguu mirefu ya kijivu-samawati, mdomo mnene mweusi kama wa kuvunjia njugu, na chakula chake ni kaa. Huzaa kwenye visiwa na fukwe za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, na katika ndege wote wa jamii ya ufukweni ni yeye peke yake anayechimba shimo mchangani na kutaga humo. Hutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga uliopigwa na jua husaidia kuliatamia. Baadaye husafiri na mtoto wake kuja huku, na hata baada ya safari hiyo yote mtoto huendelea kulishwa. Tulimwona mmoja, mkubwa karibu kama mzazi, akimfuata mama yake akilia hadi akapewa kaa. Majahazi ya Waarabu yalilazimika kungoja kaskazi ndipo yashuke pwani hii. Mla-kaa hangoji upepo, Agosti amekwisha fika.

Sabaki tuliikuta saa kumi na moja. Mto huu huanzia karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukawa Galana, na ukifika baharini kaskazini mwa Malindi umebeba udongo wa nusu ya nchi. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, na wenye hoteli za Malindi hawaupendi kwa kuwachafulia bahari. Ndege wanaupenda kwa sababu hiyohiyo: tope hilo ni chakula. Flamingo walikuwa wamesimama upande wa pili, na kwenye ukingo wa mchanga walitua shakwe na buabua kwa mamia, wakijiandaa kulala. Viboko walikuwa juu kidogo mtoni, kwa hiyo hatukusogea kwenye matete.

Siku nzima, nje ya viongozi na watu wa vijiji hivyo, hatukukutana na mtazamaji Mkenya hata mmoja. Husemwa ni gharama. Siamini sana, familia inayolala Watamu usiku mmoja imekwisha kulipa zaidi ya ujira wa kiongozi. Tatizo ni kwamba tumezoea kuiona barabara hii kama njia ya kufika hotelini.

Atakayekwenda aazime darubini, aulize siku za bamvua, na amtafute kiongozi wa hapohapo. Aende kabla ya mwisho wa Aprili. Mei ndege wengi wa Mida wako Siberia na Oman, na hawarudi hadi Agosti.