Spoketi ya meno mangapi kwa milima ya Ruangwa na Nachingwea?

Juzi nilikuwa kafe hapa Nachingwea nasubiri video ifunguke (mnaijua hiyo kazi, unasubiri mpaka hela ya muda inaisha), jamaa wa kompyuta ya pembeni akanigusa bega. "Oya, hebu ona pikipiki haina tairi." Nikachungulia. Kweli bwana, mashine ina usukani kama wa pikipiki, mbele ina miguu miwili kama mbao za kutelezea, nyuma badala ya tairi kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno. Mzungu kakaa juu anapanda mlima wa theluji umesimama kama ukuta.

Sisi huku theluji tunaiona kwenye friji ya muuza soda, kwa hiyo tulicheka tukaendelea na yetu. Lakini mimi nilirudi kuisoma ile mashine, na nikakuta wenzetu wanabishana jambo lilelile tunalobishana kijiweni. Wao wanabishana urefu wa mkanda. Mkanda wa inchi 120 hadi 137 ni wa njia zilizoshindiliwa, unakimbia na unakata kona vizuri. Mkanda wa milimani unaanzia kama inchi 154, yaani karibu mita 3.9 ukiuzungushia kamba, na ipo ya 165 na zaidi. Mrefu unatandaza uzito, hauzami, na unashika mlima. Lakini ni mzito kugeuza na unakula nguvu ya injini. Anayeendesha tambarare akinunua mrefu kajitesa bure. Anayekwenda mlimani na mfupi anabaki katikati anachimba shimo.

Mkanda wa chini siyo kitu kigeni sana Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ikachagua Kongwa, Urambo na huku kwetu. Waliingiza matrekta ya minyororo, mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya Vita vya Pili, kampuni ya Vickers ikayaita Shervick. Mashine zilikuwa na nguvu balaa, ila kule Kongwa udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, na changarawe zake zikawa zinakula vifaa vya kulimia. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na mamilioni ya pauni yakafutwa nao. Walichagua mashine kabla ya kuuliza udongo.

Sasa turudi kijiweni. Pikipiki yetu haina mkanda, ina cheni na spoketi mbili, ndogo ya mbele kwenye injini na kubwa ya nyuma kwenye gurudumu. Hapo ndipo unapochagua kama unataka mbio au unataka mlima. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa seti moja, hata fundi akikuapia.

Naandika haya kwa sababu ya kaka yangu. Alichukua pikipiki ya sisi 125 kwa mkataba, ile ya kupeleka hesabu kila wiki mpaka siku inakuwa yako. Ilikuja na meno 14 mbele na 43 nyuma. Cheni ilipochakaa akaenda kubadilisha seti, fundi mmoja akamwambia "weka 15 na 40 uone inavyokimbia lami ya Masasi." Na kweli ilikimbia. Wiki mbili kaka alikuwa anatuambia tu habari za mwendo.

Halafu msimu wa korosho ukafika, na mvua za kwanza. Akapakia gunia moja la kilo 80, mwenye mzigo akakaa juu yake, wakaelekea Ruangwa kwa njia ya vijijini. Kwenye kilima kimoja pikipiki ikakataa. Yuko gia ya kwanza, injini inakaribia kuzima, akaanza kupanda kwa klachi, anaibana nusu anaiachia nusu. Akasikia harufu. Mnaijua ile harufu. Mara injini inapiga kelele lakini gurudumu halizunguki, pikipiki ikaanza kurudi nyuma na gunia likaanguka. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Klachi imeungua yote, siku tano imelala, na mwenye pikipiki hajali imelala wapi, hesabu yake anaitaka. Mkataba ulibaki kidogo uvunjike. Mimi mwenyewe niliuza simu kuchangia, ndiyo maana naandika kafe.

Sasa tufanye hesabu, ni ya darasa la sita tu. Chukua meno ya nyuma, gawanya kwa meno ya mbele. 43 kwa 14 unapata 3.07. Maana yake spoketi ya mbele inazunguka mara 3.07 ili gurudumu lizunguke mara moja. 40 kwa 15 unapata 2.67. Namba kubwa ni ya mlima, namba ndogo ni ya mbio. Kutoka 3.07 kwenda 2.67 kaka alipoteza asilimia 13 ya nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu. Ni kama alikuwa na watu mia wanasukuma, akawarudisha nyumbani 13, halafu akaenda mlimani na gunia. Alichopata ni kwamba kelele ileile ya injini iliyokuwa inampa spidi 70 ikawa inampa 80. Na hiyo ni pale injini inapoweza. Ukiwa na abiria wawili na upepo wa mbele, hiyo 80 hauioni.

Kitu ambacho wengi hawakijui: jino moja la mbele siyo sawa na jino moja la nyuma. Ukiwa na 15 na 40, ukatoa jino moja tu mbele ikawa 14, unapata 2.86. Ili uipate namba hiyo kwa kuongeza nyuma inabidi ufike 43. Kwa hiyo jino moja mbele ni karibu matatu nyuma. Na spoketi ya mbele ni ndogo, bei yake ni nafuu, na haikulazimishi kugusa urefu wa cheni, gurudumu linavutwa nyuma milimita 3 hivi basi. Ndiyo njia ya haraka kwa mtu asiye na hela. Ubaya wake, spoketi ikiwa ndogo sana cheni inajikunja kwa nguvu kila inapopita, inalika mapema. Ukitaka kushuka zaidi ya jino moja, bora uongeze nyuma.

Ukiongeza nyuma ndiyo unakutana na urefu wa cheni. Hapo ndipo tunapofanana na wale wa theluji. Meno matatu zaidi nyuma, kwa cheni ileile, yanavuta gurudumu mbele kama sentimita moja. Angalia kwanza kama kwenye zile skrubu za kukazia kuna nafasi hiyo. Kama ipo, cheni inabaki. Kama haipo, unahitaji cheni ndefu zaidi, na cheni inaongezwa vipande viwiliviwili, siyo kimoja, kwa sababu kipande cha ndani na cha nje vinapokezana. Pikipiki zetu nyingi za kazi zinatumia cheni namba 428. Ukiona boksi limeandikwa 428 halafu 118, hiyo 118 ni idadi ya vipande. Hesabu vya kwako kabla hujaenda dukani, usimwachie muuzaji akadirie kwa macho. Iliyo ndefu inaweza kupunguzwa, iliyo fupi haivutiki.

Tena usiweke spoketi mpya na cheni ya zamani, cheni iliyovutika inayakata meno mapya kama msumeno. Kuijua ni rahisi. Hesabu pini 21 cheni ikiwa imenyooka, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 428 inatoa milimita 254. Ikifika 259, hiyo imekwisha, hata kama inang'aa kwa oili. Ukifunga, legeza kiasi cha sentimita 2 hadi 3 pale katikati, na ujaribu tena ukiwa umeikalia na mzigo upo, maana ikishuka nyuma cheni inakaza. Na ile klipu ya kiungo, upande uliofungika uelekee cheni inakokwenda. Ukiigeuza, siku moja jiwe au mti utaichomoa.

Sasa namba ipi uchague? Mimi siamini kuiga ya rafiki. Rafiki yako anabeba wanafunzi mjini, wewe unabeba ufuta. Fanya jaribio hili: chukua mzigo wako wa kawaida, nenda kwenye kilima kibaya kuliko vyote unavyopita kila wiki, weka gia ya kwanza, achia klachi yote. Inapanda bila kukohoa? Spoketi zako zinatosha, usiguse kitu. Inapanda ukisaidia kwa klachi tu? Hapo unahitaji jino moja pungufu mbele au mawili matatu zaidi nyuma, kwa sababu chini ya gia ya kwanza hakuna gia nyingine, kilichobaki chini yake ni klachi yako inaungua. Na kama gia ya kwanza huwa huigusi hata na mzigo, unajichosha bure, punguza namba upate mwendo na uokoe mafuta barabarani.

Msizidishe lakini. Nimeona kijana kaweka nyuma spoketi kubwa kama sahani ya pilau, kwenye spidi 50 injini inalia utafikiri inaomba msaada. Huyo kwenye lami mafuta yanamuisha, na wenye malori wanampigia honi njia nzima.

Kuna sehemu spoketi haisaidii kabisa, nayo ni tope. Ukiwa na namba kubwa ya mlima halafu unateleza, nguvu nyingi ndiyo inazidisha gurudumu kuzunguka hewani. Hapo panda kwa gia ya pili, mkono wa mafuta uwe mpole. Na hapa tunaachana na watu wa theluji: theluji nyingi haina chini, kwa hiyo wao wanataka kuelea. Tope letu mara nyingi lina chini ngumu, kwa hiyo tairi jembamba lenye meno marefu linakata mpaka linagusa ardhi. Tairi pana lililokwisha kipara linaelea juu ya utelezi kama sabuni. Kwenye mchanga wa makorongoni mambo yanageuka, pale ndipo wanapotuelewa, kupunguza upepo kidogo kunasaidia tairi litandae. Ukitoka mchangani jaza tena, ukibaki hivyo na gunia utakata tyubu.

Kushuka nako tusikusahau. Namba kubwa inakusaidia kushuka pia, injini inakushika. Teremka kwa gia ya kwanza au ya pili, usiteremke huru na breki peke yake, breki shuu zikipata moto na maji ya tope ni majaribu.

Halafu mzigo. Mashine ya theluji yenye mkanda mfupi mlimani inainua pua na kumpindua mtu, mkanda mrefu unaizuia. Sisi hatuna cha kurefusha, tuna cha kusogeza tu. Gunia likikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, usukani unakuwa mwepesi, mlimani mbele inanyanyuka. Kaka alikuwa amefunga gunia nyuma kabisa ili abiria apate nafasi. Lisogeze mbele hata kama unabanwa mgongo, abiria atembee kile kipande cha mlima. Atanung'unika, mwache.

Nawaambia na hili la mita ya spidi, maana linaleta ubishi: kwenye pikipiki nyingi za kazi waya wa spidi unatoka gurudumu la mbele, kwa hiyo ukibadilisha spoketi mita haidanganyi. Anayesema "nimeweka spoketi mpya mita imeharibika" atafute tatizo lingine.

Kaka sasa amerudi 14 na 43, na cheni mpya yenye vipande alivyovihesabu mwenyewe, mimi nikishuhudia na tochi. Kile kilima amekipita mara nne tangu arudi barabarani, gia ya kwanza, klachi imeachiwa yote. Kwenye lami wenzake wanampita na kumpungia mkono. Mkataba umebaki miezi mitano.

Wadau wa Mnero, Ruponda na Mbekenyera, wekeni kwenye maoni hapo chini mnatumia meno mangapi mbele na nyuma, na mnabeba nini. Wa mjini mnaopeleka abiria sokoni na kurudi, mnakaribishwa pia, ila mseme ukweli kwamba ni wa mjini.