Mwembe Unaonata: Kipi Kinastahili Hela Yako

Benchi chini ya mwembe likianza kunata na majani yakivaa masizi, usipande boti kutoka Kilwa Kisiwani kwenda Masoko kununua dawa ya ukungu. Hiyo ni hela ya kutupa. Weusi ule unaota juu ya sukari. Haumo ndani ya jani. Na sukari yenyewe ni kinyesi cha vidung'ata, wadudu gamba au vidukari, wanaofyonza utomvu mwingi kupita kiasi ili wapate protini kidogo, kisha utamu uliozidi wanauangusha. Wakiondoka, weusi hukauka na kubanduka wenyewe.

Jirani mwenye mikorosho atakupa salfa iliyobaki. Mshukuru, uiache. Salfa ni ya ubwiriunga, vidung'ata haiviui.

Hela ya kwanza iende kwa sisimizi. Wanapanda kulamba utamu, na kwa ajili yake huwafukuza nyigu wadogo na wadudu wengine ambao wangewamaliza wanyonyaji bure. Funga ukanda wa nailoni kwenye shina, upake grisi juu ya nailoni, si juu ya gome. Grisi kidogo kutoka kwa fundi wa injini za boti inatosha. Kata na matawi yanayogusa ukuta au paa, la sivyo watavukia huko. Vumbi likifunika grisi, paka upya. Ila kama sisimizi wako ni maji moto na una minazi au mikorosho karibu, fikiri mara mbili: hao huwinda mbu wa mikorosho na wadudu wanaoharibu nazi changa. Mimi ningevumilia kunata.

Kwa mlimao, mpera au mwembe mdogo, sabuni ya mche inashinda kila kitu kwa bei. Kwangua gramu 100 hadi 200 kwa ndoo ya lita 20, nyunyiza jioni chini ya majani, rudia baada ya wiki. Jaribu kwanza majani machache. Sabuni ya unga iache, huunguza. Gharama iliyojificha ni maji: ya visima vya mwamba wa matumbawe mara nyingi huwa magumu, sabuni inaganda bila povu na haiui kitu. Tumia ya mvua.

Mwarobaini ni bure, ila unakula muda. Gramu 50 za mbegu zilizotwangwa kwa kila lita, loweka usiku, chuja, tumia siku hiyohiyo. Hauui papo hapo. Hupunguza ulaji na kuzaliana. Mafuta yake ya chupa yanaokoa kutwanga, lakini jua huyaharibu haraka hata yakiwa mtini, kwa hiyo utayanunua tena.

Sumu ya dukani inaonekana rahisi kwa sababu unaangalia bei ya chupa tu. Ongeza nauli ya boti kwenda na kurudi, kukodi bomba la mgongoni, glovu, mpulizaji, na matunda usiyoweza kula wala kuuza mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe. Paa likikinga maji ya mvua, usipulizie tawi lililo juu yake. Utanunua maji ya kunywa. Ukipulizia mti uliochanua, utaua nyuki wanaokutengenezea embe. Na dawa ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji usiikubali hata kwa nusu bei: haina lebo wala namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mtoto anaweza kuinywa.

Mwembe mkubwa uliopita paa hauna dawa ya bei nafuu. Bomba la mgongoni halifiki kileleni, nusu ya dawa itakuangukia wewe. Lipa mpandaji apunguze matawi yaliyosongamana baada ya mavuno, weka grisi, basi. Mti mkubwa wenye afya hustahimili.

Afisa ugani muulize kabla ya kufungua pochi, ukiwa na tawi lenye wadudu mkononi.

Benchi na bati osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kabla utamu haujakauka. Paneli ya sola iliyo chini ya mti ihamishe leo: tabaka la utamu hunasa vumbi na kuzuia mwanga, na watu wamenunua betri mpya kumbe tatizo lilikuwa kioo kichafu.